Baba Hatoki Duarani

Tarehe 14 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, katikati ya viti vyako na mahema yako. U mzima? Unakula? Kile kikohozi cha vumbi la ghala kimepungua, au bado unajifanya hukisikii? Huku tunamshukuru Mungu. Mgongo unaniuma kwa kufua mashuka ya zahanati, lakini nainuka, nasali, nafua tena. Baba yupo. Nimeandika "yupo" kwa sababu sijui niandike neno gani jingine.

Utashangaa kuona barua. Kwenye simu tumeshindwana, mdogo wangu. Kila tukipigiana mmoja anapandisha sauti, mwingine anakata, halafu nabaki nimeshika simu kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza, hajui amtupe wapi. Karatasi haikatiki. Utanisoma mpaka chini, hata kama ni kwa hasira. Nimemwomba Kipara, yule dereva wa gari la saruji, akupe mkononi. Anasema ghala lako liko njiani kwake.

Nianze na baba. Unaikumbuka siku tuliyomzika mama. Bwana afya alikuja na futi yake mkononi, akatuhesabu kama mbuzi, akasema walio wengi warudi nyumbani. Kisha akakugeukia wewe: "Si wewe ndiye mwenye kazi ya viti? Haya, chora." Ukachukua chokaa ukachora maduara, ukaweka kiti kimoja kimoja. Mimi sikuona ubaya. Ugonjwa ule niliujua kwa mikono yangu, niliufua kila asubuhi kwenye mashuka ya watu, na mama yetu ndio uliomchukua. Nilikaa kwenye duara langu sikunung'unika. Lakini baba alipoinuka kwenda kutupa udongo wake, wewe ulinyoosha mkono ukamzuia kifuani, ukamwambia, "Baba, rudi kwenye duara lako."

Alirudi. Akakaa. Na mpaka leo hajatoka.

Sikutanii. Masharti yamelegezwa, soko limejaa, watoto wamerudi shule, kwenye nyumba ya ibada tunasimama tena tukiwa tumeshikana mikono. Baba kila asubuhi anachota majivu jikoni kwa kopo, anachora duara pale uani, anaweka katikati kile kiti cha plastiki cha bluu ulichomwachia, anakaa. Nikimletea chakula ananionyesha kwa kidole: weka hapo ukingoni. Nikivuka mstari anabeba kiti chake anarudi nyuma, mpaka mgongo uguse ukuta. Hasemi neno. Suruali anaifunga kwa kamba siku hizi, maana mkanda umeishiwa matundu. Daktari wa zahanati alikuja kumtazama, naye akaonyeshwa ukingo kama sahani. Akaniambia pembeni, "Mwili hauna shida, mama. Mzee amevunjika moyo. Akae na watu wake." Watu wake ni mimi na wewe.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Jirani yangu muuza mkaa alinionyesha picha kwenye simu yake. Ni sherehe ya binti wa mheshimiwa, ndani ya ule ukumbi wake, mapazia yamefungwa, na tarehe iko pale chini: kesho yake tu baada ya kumzika mama. Watu wamebanana bega kwa bega. Katikati yao yuko bwana afya, yuleyule wa futi, ameegemea, vifungo vya tumbo vimefunguka, anatafuna paja la kuku, mafuta yanamtiririka kidevuni, barakoa inaning'inia sikio moja kama soksi chafu. Nikasema potelea mbali, wakubwa ndivyo walivyo. Halafu nikakitazama kiti alichokalia. Kifuniko cha zambarau, pindo la mshono wa zigizaga, utepe mweupe nyuma.

Vile vifuniko mama alikushonea ulipoanza biashara, macho yakimuuma, mimi nikimtungia uzi. Bwana afya amekalia kazi ya mikono ya mama huku anatafuna, na mama mwenyewe udongo wake haujakauka.

Nilitapika, mdogo wangu. Nilitoka nje nikatapika karibu na kizimba cha kuku.

Wewe siku ile ya mazishi uliniaga kwamba unawahi barabara isifungwe. Niambie kwa mkono wako kama ni viti vyako. Na uje umtoe baba duarani. Wewe ndiye uliyemrudisha, mimi nimemwita hasikii.

Nakuombea kila ninaposali, hata leo ambapo midomo haikutaka.

Ni mimi,
dada yako

*

Tarehe 2 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu, na kama haujapata, tafuta mtu wa kukusaidia kukamua, mashuka ya maji si mchezo. Barua yako Kipara aliileta ikiwa na saruji mpaka ndani ya mikunjo. Mimi nasimama, nakula nikikumbuka.

Ndiyo. Ni viti vyangu.

Sasa na wewe nisikilize, maana umesema karatasi haikatiki. Unajua ghala langu lilivyokuwa? Viti mpaka dari, miezi na miezi, panya wametoboa hema kubwa wakazaa ndani yake. Harufu ya mkojo wa panya unaingia nayo mpaka kitandani. Nina wafanyakazi watano, dada, na wote wana watu nyuma yao. Mrefu, msimamizi wangu, alianza na redio, akaja kitanda, mwisho akauza sufuria. Sufuria, dada. Mtu anauza sufuria kwa sababu hana cha kupika. Mwingine alikuja na mkewe mjamzito wakakaa mlangoni pangu asubuhi mpaka jioni. Hawakuomba kitu. Walikaa tu, nami ndani najifanya napanga viti vilivyopangwa.

Mtu mmoja wa mheshimiwa alinikuta nafungasha viti vya msiba wa mama. Chokaa bado iko kwenye kucha zangu. Anasema, "Pole sana ndugu yangu, kazi ya Mungu. Sasa kesho tunahitaji viti mia tatu na hema la mbele." Nikamwambia mikusanyiko imekatazwa. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Imekatazwa kwa nani?"

Nikampigia Mrefu aje na gari la pili. Unasema niliongopa kwamba nawahi barabara. Niliongopa. Ningekuambia nini?

Nilipanga ule ukumbi mwenyewe. Mikono ilikuwa na mazoea ya siku zile, ikaanza kuacha nafasi kati ya kiti na kiti. Bwana afya akanipiga begani, ananuka marashi: "Fundi, acha mambo hayo. Bana, bana, watu ni wengi." Kwa mdomo uleule, dada, hata haukubadilisha meno. Nikabana. Nikabana mpaka miguu ya viti ikapandana.

Kisha nikasubiri jikoni wamalize kula ili nikusanye. Usidhani wewe ndiye wa kwanza kutapika. Mchuzi kwenye vifuniko vya mama, mifupa imesukumwa kwenye mito, mtu amejifuta midomo kwa utepe halafu akaufunga tena vizuri, kama mtu mwenye adabu. Nilivifua peke yangu. Havitakati.

Ungetaka nifanyeje? Niwapelekee watoto wa Mrefu usafi wa moyo wangu wautie kwenye sufuria ambayo hawana? Bwana afya alifunga kazi yangu, mshahara wake haukukosa hata mwezi mmoja. Wewe unafua, zahanati haikufungwa. Nami sikukataa sheria, nilimwona mama akitafuta pumzi. Nilichoka kuwa mimi peke yangu ninayeifuata.

Kuhusu baba, kuja sasa hivi siwezi. Kazi zimeanza kurudi, na kila aliyeahirisha harusi anaitaka Jumamosi hiihii. Lakini mzee hawezi kushinda kwenye plastiki na mifupa yake ile. Nimempa Kipara kiti kizuri kuliko vyote ghalani, kile cha bwana harusi. Mkalishe humo. Akikaa vizuri atachangamka.

Ni mimi,
mdogo wako

*

Tarehe 20 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Usingizi je? Wafanyakazi wako hawajambo, na yule mke wa mtu alijifungua salama? Sikukujibu upesi, kwa sababu siku ile niliposoma ningeandika maneno ambayo baadaye ningeyaombea toba. Nimesubiri yapoe. Mengine bado ni ya moto, utanisamehe.

Kiti kimefika. Kipara alikifunga juu ya mifuko ya saruji, kikapita mtaani juujuu, watoto wakikikimbilia nyuma wakidhani kuna harusi. Kushushwa kumewatoa jasho wanaume wazima. Mungu wangu, kiti gani kile? Dhahabu ya kupaka inabanduka kama ngozi ya mtu mwenye ukurutu. Kina simba wawili wa plastiki mikononi, mmoja hana taya. Kinanuka marashi na mchuzi uliochacha. Nikainua mto nikitafuta harufu inakotoka, nikakuta mfupa wa kuku na kucha moja ya bandia, nyekundu. Nilivishika kwa jani nikavitupa chooni, nikanawa mpaka viwiko.

Hicho ndicho ulichomletea baba aliyefiwa. Najua hukukusudia ubaya. Wewe umekaa na viti muda mrefu mpaka unadhani kila shida ya mtu inaanzia anapokalia.

Baba alikitazama. Akatoka kwenye plastiki yake, akakizunguka, akachuchumaa, akapitisha kiganja chini yake, pale mguu unapokutana na ubao. Unajua anavyofanya, useremala haujamtoka. Akapapasa misumari na gundi. Kisha akakitazama kiganja chake, akakifuta kwenye suruali, akarudi katikati ya majivu yake. Kuku wamekichukua. Jogoo analala pale juu, ananitazama kama mheshimiwa.

Kuhusu viti vya sherehe nimekuelewa. Nilisoma habari ya sufuria nikalia, nikaenda jikoni kuzihesabu sufuria zangu kuhakikisha zimo. Kweli mimi sikufungiwa kazi. Hilo nilikuwa sijalifikiria, na nimeliweka kwenye sala zangu. Lakini ule mkono ulionyoosha kaburini sijauelewa, na si mimi unayepaswa kunielewesha.

Nikuambie na jingine, ucheke kama unaweza. Juzi walituita wafanyakazi wa zahanati kwenye ukumbi uleule wa mheshimiwa, tupongezwe. Bwana afya alisoma hotuba ndefu ya kufufua uchumi. Akasema sasa wananchi wachape kazi, waache kukaa na huzuni, huzuni ni uvivu uliovaa nguo nyeusi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikamfikiria baba na kamba yake kiunoni. Kisha tukapangwa mstari kupokea cheti na mche wa sabuni. Mkono wa yule mtu, mdogo wangu, ni laini na wa baridi kama nyama iliyolala kwenye maji. Alinishika akasema, "Mama, taifa linakushukuru." Nami nikajibu, "Asante." Asante. Nilikuwa na maneno chungu nzima tumboni, likatoka hilo. Kinyaa nilichokisikia kwa mdomo wangu mwenyewe kilishinda kile cha mkono wake. Nilifika nyumbani nikanawa kwa sabuni yake.

Njoo. Kiti usilete kingine.

Ni mimi,
dada yako

*

Tarehe 11 Novemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Safari hii nauliza kwa kutaka kujua, si kwa kufungulia barua.

Kipara amerudi mara mbili na bahasha yangu haijapokelewa. Anasema ghala limefungwa kwa ndani. Anasema Mrefu alitoka akamwambia bosi anaumwa, "lakini si ule ugonjwa." Nikamuuliza Kipara, sasa ni upi? Akajikuna kichwa, akasema, "Mama, mimi nabeba saruji." Simu yako imezimwa. Nimekupigia mpaka yule mwanamke wa kwenye mtambo nimemzoea, nadhani naye amenizoea.

Nasema na Mungu habari zako kuliko ninavyosema habari zangu. Nilikuandikia maneno makali, ya kiti na ya kuku. Kama ndiyo yaliyokuangusha, yachome.

Huku mvua imeanza. Unajua mvua inafanya nini kwa majivu. Jana ilinyesha asubuhi, duara likafutika, baba akainuka na kopo lake akachora tena, likafutika, akachora tena, majivu yanageuka tope yanamtiririka vidoleni. Nilitoka na mwavuli nikasimama nje ya pale palipokuwa na mstari, nikanyoosha mkono mpaka bega likalia, ili umfunike yeye. Alikubali mwavuli. Mimi nililowa. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikakatika, nami nikawa nawaza: hawa wanaume wangu wawili, mmoja amejifungia kwenye majivu, mwingine kwenye ghala, na wote wawili nawafikia kwa kunyoosha mkono tu.

Hasira sina tena. Niandikie hata ukiwa umelala.

Dada yako

*

Tarehe 3 Desemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa zile barua ambazo sikujibu. U mzima? Ulipolowa hukupata homa? Nimeisoma hiyo ya mwavuli nikiwa nimekaa nje juani. Niliambiwa nikae juani kila siku, ni sehemu ya dawa.

Si maneno yako yaliyoniangusha. Ni kazi iliporudi. Inachekesha, sivyo? Miezi yote ile ghala limejaa nilisimama. Kazi ikarudi kwa kishindo, kila kiti nje kila wiki, watu wananipigia wananibembeleza, na hapo ndipo nilipoanguka. Jumamosi moja nilikuwa napanga viti vya harusi. Nikaweka cha kwanza. Nikachukua cha pili nikiweke ubavuni pake, mkono ukagoma. Ulitaka kukiweka mbali. Nikaulazimisha, kiti kikaniponyoka kikaanguka. Mama wa bibi harusi akaja juu: "Wewe fundi, unatupangia harusi au mtihani?" Vijana wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikaenda ghalani nikafunga kwa ndani, nikalala juu ya vifuniko vya zambarau. Vilikuwa vinanuka, dada. Mchuzi wa miezi. Nikawa najisikia kwamba ile harufu ni yangu.

Sijui ningetoka lini. Mrefu alivunja mlango kwa mtaimbo. Yeye, mtu aliyeuza sufuria, akanibeba mgongoni kama gunia mpaka barabarani, akinitukana njia nzima. "Mtu mzima ovyo, unanuka kama beberu, ukifa nani atanilipa?" Alikuwa analia huku ananitukana.

Hospitali walinipeleka kwa mshauri. Nilidhani ni chumba cha wendawazimu wenye minyororo. Ni mama mmoja, ana feni na gilasi ya maji, hana hata koti jeupe. Akaniuliza kama nalala. Nikamwambia habari za viti. Hakucheka. Akaniuliza kiti cha pili huwa namwona nani amekikalia. Siku hiyo nilikunywa maji yake nikaondoka, na siku nyingine niliyokwenda nikamjibu: baba. Sasa naenda kwake kila wiki. Walioko kwenye foleni pale nje, dada, ungeshangaa: kondakta, mwalimu, mwenye hoteli, polisi mmoja mkubwa kama kabati. Biashara zimefufuka zote. Wenyewe ndio tunafufuliwa taratibu.

Nikuambie kitu ambacho hukukijua. Siku ya mazishi sikuja na viti peke yake. Nyuma ya gari nilikuwa na benchi, moja la yale mabenchi ya baba. Si unakumbuka tulianza na hayo, kabla ya plastiki, baba akiyachonga mwenyewe kwa mbao nzito, hayana msumari hata mmoja? Mengi nilishayagawa. Hilo nililibakiza. Nilitaka tukae sisi watatu, baba katikati, karibu na kaburi. Bwana afya akalitazama, akasema, "Benchi marufuku. Kiti kimoja, mtu mmoja." Nikalirudisha garini. Ndipo nikachora maduara, na baba alipoinuka nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kutii kila kinachosemwa, mkono ukainuka wenyewe. Uliposema alipapasa chini ya kile kiti cha dhahabu, nililikumbuka benchi. Lilikuwa nyuma kabisa, chini ya hema lililotobolewa.

Nimempa Kipara alilete. Nimempa na vifuniko vya mama, vyote. Kuvichoma siwezi, kuvikodisha siwezi. Mikono yako imezoea mashuka ya wagonjwa, labda itaviweza.

Mimi mwenyewe bado naogopa. Nikifika, baba akinionyesha kwa kidole nikae ukingoni kama sahani, sijui kama nitarudi mzima. Mshauri ananiuliza kila wiki, "Umeshakwenda?" Namwambia bado.

Mdogo wako

*

Tarehe 19 Desemba

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu za Mungu zikuzunguke. Jua unaota? Dawa unameza kama ulivyoelekezwa, au ukijisikia vizuri siku mbili unaacha, kama ninavyokujua? Msalimie yule mama wa feni, mwambie ana dada yake huku anayemtaja kwenye sala bila kumjua jina. Na Mrefu mwambie hivyohivyo. Kwa hayo matusi Mungu atamlipa mema.

Vifuniko nimevifua. Maji ya kwanza yalitoka na mafuta yanaelea juu, na harufu ile, nikafunga pua kwa kanga nikaendelea. Nilitumia sabuni ya bwana afya mpaka ikaisha, nikaona sasa imepata kazi yake. Vingi vimetakata. Vingine doa limegoma, hivyo nimekata penye doa nikabakiza penye mkono wa mama. Vinaanikwa uani, zambarau kila mahali, majirani wanauliza nani anaolewa.

Sasa benchi. Kipara na muuza mkaa walilishusha wakaliweka nje ya mstari, wakaondoka kwa kunyata kama waliomwekea mtu mtego. Baba alilitazama asubuhi nzima. Nilijifanya naanika nguo, nguo zenyewe zimeshakauka. Mwisho akainuka. Akavuka majivu, mdogo wangu, bila hata kuangalia chini. Akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye maungio, akalitikisa. Mguu mmoja ulikuwa unacheza. Akaingia ndani, nikasikia anapekua sanduku la vifaa ambalo halijafunguliwa tangu msiba, akatoka na nyundo na kipande cha mti. Akachonga kabari, akaigonga. Sauti ile ya nyundo, nilikaa chini palepale kwenye beseni.

Kisha akaliburuta mpaka kwenye duara lake. Halikuingia. Ni refu, ncha moja inatoka nje ya majivu. Akalizungusha huku, likatoka upande mwingine. Akasimama akalifikiria kama mtu anayepima mlango. Mwisho akaliacha lilivyo, akakaa ile ncha ya ndani. Mimi nikaona nafasi yangu ndiyo hii, nikaenda taratibu nikakaa ile ncha ya nje. Hakurudi nyuma. Alinigeukia akanitazama, akafungua mdomo, sauti ikatoka kama bawaba yenye kutu.

"Hapo pana mwenyewe."

Nikamwuliza, "Nani, baba?" Alitazama njia, kule magari ya mizigo yanakopindia.

Nikainuka, nikaleta kigoda changu cha kufulia. Nakaa hapo sasa, pembeni yake, naye hanihamishi. Ile ncha haruhusu mtu. Kila asubuhi anaipangusa kwa kiganja kabla hajakaa. Jogoo wako wa dhahabu alijaribu kuirukia akapigwa kofia. Muuza mkaa alijisahau akataka kuketi, akaambiwa maneno yaleyale matatu, akarudi kwangu amefurahi kama mtu aliyepewa zawadi: "Mama, mzee amenifukuza."

Bwana afya alipita na pikipiki yake, akasimama kwenye uzio, akacheka: "Mzee, bado uko karantini?" Nilikuwa na beseni la maji ya kwanza ya mashuka ya wodini. Nikayamwaga barabarani. Sikumlenga, lakini sikuhangaika kumkwepa. Suruali yake imeondoka na kilicho chake. Mungu anaijua nia yangu, tumeshaizungumza.

Sikudanganyi, majivu bado anachora. Lakini upande ule wa benchi, unaotazama njia, anauacha wazi.

Kwa hiyo usiulize tena atakuonyesha nini kwa kidole. Usilete kiti, usilete hema, usilete neno la kutubu ulilolipanga njiani. Panda gari la Kipara uje ukae. Nijibu upesi, hata kwa mstari mmoja, unijulishe siku.

Ni mimi,
dada yako